Dakika Ishirini na Tano

Matokeo yalitoka Alhamisi saa nne asubuhi, nikiwa kazini napiga mihuri hati za wito. Hayatoki na majina. Ni namba tupu, ukurasa mrefu wa namba, nawe unaitafuta yako kama mtu anayemtafuta ndugu yake kwenye orodha ya majeruhi. Niliitafuta ya mume wangu kwanza. Hilo nataka lijulikane. Niliitafuta ya Worlanyo kwanza, nikaiona, nikapiga kigelegele ofisi nzima ikageuka. Ndipo nikaitafuta yangu. Nilipanda na kushuka ukurasa ule mara tano. Haikuwapo.

Naitwa Dzigbordi. Kwa Kiewe jina hilo maana yake ni subira, kwa kuwa mama yangu alikaa miaka tisa kwenye ndoa ndipo akanipata. Jina zuri, lakini limeniponza. Tangu nikiwa msichana, kila anayetaka kunidhulumu huanza kwa kunikumbusha maana yake.

Mimi ni karani wa mahakama ya wilaya hapa Ashaiman, mwaka wa kumi na moja sasa. Worlanyo alikuwa mwalimu wa historia. Tulisoma shahada ya sheria pamoja, masomo ya jioni, miaka minne, tukirudi nyumbani tumechoka kama punda. Lakini shahada haimfanyi mtu wakili. Ukitaka kusimama mbele ya hakimu lazima upite shule ya mawakili kule Accra, na mlango wa shule hiyo ni mtihani mmoja, mara moja kwa mwaka. Wanaobisha hodi ni maelfu. Wanaofunguliwa si wengi.

Sheria ya mikataba nilimfundisha mimi. Sheria ya ushahidi nilimfundisha mimi. Worlanyo hadithi anaziweza, ila vifungu vinamponyoka kama bamia. Kwa hiyo niliandika muhtasari, madaftari manne, mishale myekundu na ya kijani, mifano ya watu wa mtaani kwetu ili asisahau. Nilikuwa naosha vyombo, yeye amekaa mezani, namuuliza swali kwa sauti, anajibu, namsahihisha, naendelea kusugua sufuria.

Sasa siku yenyewe ya mtihani. Alfajiri, saa kumi na moja kasoro, mtoto wetu mdogo, Kekeli, ana miaka mitatu, alikuwa anaungua kwa homa na macho yanaelea. Nilimfunga mgongoni. Dada yake, Sedinam, nilimpeleka kwa jirani, Mama Enyonam, akiwa bado na usingizi. Worlanyo alikuwa amelala kauelekea ukuta. Sikumwamsha. Msiniulize kwa nini, maana hata mimi sijui. Mikono ilikuwa imeshamfunga mtoto kabla kichwa hakijauliza lolote.

Kliniki walimpima, wakakuta malaria, wakampa dawa. Homa iliposhuka nikarudi mbio nimkabidhi Mama Enyonam. Nilipoingia ndani kuchukua kalamu zangu, mume wangu hayupo. Rafiki yake alimpitia na gari. Juu ya meza kulikuwa na kikaratasi: "Nimetangulia. Mungu akutie nguvu."

Mtihani ulianza saa tatu kamili. Mimi niliingia saa tatu na dakika ishirini na tano. Zingetimia thelathini, mlinzi asingenifungulia. Nilikaa na matapishi ya mtoto yamekauka begani, nikajibu maswali ya kuchagua yote, nikaandika insha ya kwanza vizuri, na insha ya pili niliandika mistari mitatu, kengele ikalia. Muda wote ule nilikuwa nakiona kisogo cha mume wangu, safu ya tatu, amenyolewa vizuri.

Basi namba yake ikatoka, yangu haikutoka.

Mama yake alifika kutoka kwao mjini Ho Jumamosi ile ile, na viazi vikuu na kuku wawili. Aliingia anacheza tangu getini. "Wakili! Wakili wangu! Nani kasema mwana wa muuza unga wa muhogo haendi mahakamani?" Nami akanishika mashavu. "Usihuzunike, mwanangu. Nyumba moja haihitaji mawakili wawili. Mkigombana nani atakuwa hakimu?" Akacheka mpaka akakaa chini. Nilicheka pia. Hilo nalo nataka lijulikane, kwamba wiki ile ya kwanza nilicheka sana, nikapika akple, ugali wetu wa mahindi na muhogo, kwa wageni, nikapokea pole na hongera kwa mikono miwili kama mtu aliyealikwa msibani na harusini siku moja.

Jumapili iliyofuata tukaenda kanisani kutoa shukrani. Tulivaa nyeupe wote, hata Kekeli. Worlanyo akaitwa mbele kutoa ushuhuda. Anajua kuongea, mwalimu yule. Alimshukuru Mungu, akamshukuru mchungaji kwa maombi, akamshukuru mama yake, na mama yake akainuka akapunga kitambaa. Kisha akanitazama.

"Na mke wangu," akasema, "mwanamke wa subira kama jina lake. Kila jioni nilipokuwa nasoma, supu ilikuwa mezani. Alinitunzia watoto nikapata utulivu wa kusoma. Safari hii Mungu hakumpa yeye, amenipa mimi. Lakini sisi si wawili, ni mwili mmoja. Nimefaulu mimi, amefaulu yeye."

Kanisa zima: "Amina!"

Sijui niliinuka vipi. Nilijikuta nimesimama, na mwanamama aliyekaa kando yangu ameshika upindo wa kitambaa changu ananivuta chini, nami nimemnyang'anya.

"Nami nina ushuhuda," nikasema. Sikwenda mbele, nilisemea palepale. "Nimefeli."

Watu wakageuka. Ushuhuda wa kufeli hutolewa ukishafaulu, miaka kumi baadaye, umevaa suti. Hakuna anayeutoa ukiwa mbichi.

"Nimefeli mtihani uleule aliofaulu mume wangu. Majibu aliyoandika nilimfundisha mimi, kwa madaftari yangu. Siku ya mtihani yeye alikwenda mtihanini kwa gari, mimi nilikwenda kliniki na mtoto wetu mgongoni. Nasema hivi kwa sababu nimesimamishiwa kanisa zima nishukuriwe kwa supu. Na mwili huu mmoja mnaousema, mbona siku ile uliamka nusu tu?"

Huko nyuma kuna mwanamke aliangua kicheko akakikata. Mchungaji akamtazama mpiga ngoma, ngoma ikaanza, waimbaji wakadakia wimbo wa furaha, na sauti yangu ikafia humo. Nimeona mengi, ila kufukiwa kwa ngoma nikiwa mzima, hilo lilikuwa la kwanza.

Nyumbani mama mkwe hakusubiri hata mlango ufungwe.

"Umemvua mwanangu nguo mbele za watu!"

"Alijivua mwenyewe, mama. Mimi nimeonyesha tu zilipoangukia."

"Ona mdomo! Ona mdomo wa mke aliyefundwa! Kwetu sisi mwanamke..."

"Mama, tupishe," Worlanyo akasema. Akanishika mkono tukaingia chumbani, akaketi kitandani na nguo zake nyeupe. Hakuwa na hasira. Laiti angekuwa nayo. Alikuwa na ile sura ya mwalimu anayemsikitikia mwanafunzi.

"Mama Sedinam, ulitaka niseme nini pale mbele?"

"Ukweli. Kwani ni mgumu?"

"Kuhusu madaftari umenishinda, ningeyataja. Lakini kuhusu mtoto unanionea. Ungeniamsha, ningempeleka mimi."

"Ungempeleka? Na mtihani wako?"

"Ningempeleka."

"Niapie."

Nilisema hivyo kwa kukereka tu, kama tunavyowaambia mashahidi. Lakini Worlanyo ni mtu wa kanisa, na alikuwa ametoka huko sasa hivi.  Akatazama vidole vya miguu yake. 

"Nilikuwa macho," akasema.

"Nini?"

"Asubuhi ile. Nilimsikia analia. Nilikusikia unatafuta kitambaa cha kumbebea, ukakikosa, ukavua kile ulichojifunika. Nikafumba macho. Nilijiambia mmoja wetu lazima apumzike, tukichoka wote tutafeli wote."

"Mmoja wetu."

"Ndiyo."

"Ukachagua nani?"



Kabla ya hapo nilikuwa na hasira ya kawaida, ile ambayo mke humkasirikia mume aliyelala fofofo. Aliyelala hana kosa kubwa. Lakini mtu aliyekaa gizani macho yamefumba, akisikiliza mke wake anahangaika na mtoto anayeungua, akipiga hesabu, halafu akaamka, akaoga, akaandika kwamba Mungu anitie nguvu!  Nilitaka kumpiga na sikumpiga. Nilitoka nje, nikakaa kwenye ngazi, na niliporudi ndani nilikuwa na uamuzi.

"Sifanyi tena mtihani," nikawaambia yeye na mama yake. "Msiniulize tena. Sheria nimeiacha."

Kesho yake nilibeba madaftari yote manne, nikampelekea Mama Adzo, anayeuza maandazi ya kunde nje ya mahakama. "Fungia biashara yako," nikamwambia. Akageuza kurasa, akaona mishale. "Wee, rangi zote hizi! Wateja watadhani ni zawadi."

Mnajua kilichoniudhi zaidi? Walifurahi. Mama mkwe alipiga simu Ho akawaambia dada zake kwamba mkwe ametulia. Mchungaji alinishika bega: "Subira yako imerudi, dada." Worlanyo aliacha ualimu akaanza shule Accra, anaondoka kumi na moja alfajiri na mkoba mpya, na kila mtu mtaani anamwita Wakili, wakati hata nusu ya mwaka wa kwanza hajamaliza. Mimi wakaniita Mke wa Wakili. Nikiwa sokoni naulizia bei ya samaki: "Mke wa Wakili, wewe bei inakuuma?" Nilikuwa narudi nyumbani na kichwa kinagonga. Na Worlanyo nilikuwa nampa chakula, nampa maji, nampa majibu ya neno moja. Miezi ikapita hivyo. Aliomba radhi mara tatu. Mara ya tatu alilia. Nilimtazama analia nikaona kiu tu, nikaenda kunywa maji.

Kazini mkuu wangu ni Bi Akpene, msajili, mwanamke wa miaka hamsini na minane mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kukutazamia. Yeye alifanya ule mtihani mara nne enzi zake, akaacha. Watu wote pale wanajua. Siku moja mwezi wa tano tangazo la mtihani mpya likatoka gazetini, na mimi nikaenda mezani kwake najifanya nauliza habari ya jalada.

"Bi Akpene, hivi ulipoacha, hukujuta?"

Alivua miwani ya kusomea akavaa ile nyingine.

"Kila anayefeli mahakama hii huja hapa kuniuliza hilo. Anayetaka kurudi anataka niseme najuta, apate moto. Anayetaka kuacha anataka niseme sijuti, apate ruhusa. Mimi ni mganga?"

"Samahani, bibi. Nilikuwa nauliza tu."

"Niliacha kwa sababu nilichoka, na sikujuta hata siku moja, na hakuna anayeniamini. Wewe umechoka?"

Nikafikiri. "Sijachoka. Nimekasirika."

"Basi hayo ni maradhi mengine. Na mhuri huu umeupiga kichwa chini."

Nilitoka pale nimekasirika zaidi. Nilikwenda nje kununua maandazi ya mchana. Mama Adzo akanifungia matano, nikaketi kwenye benchi la mashahidi, nikafungua karatasi, nikaona mshale mwekundu na mwandiko wangu. Mafuta yalikuwa yamelowesha nusu ya ukurasa. Kilichosomeka kilisema: "Muda ukiwa ndio moyo wa mkataba, anayechelewa amevunja." Chini yake nilikuwa nimeandika mfano wa fundi cherehani na gauni la harusi, ili Worlanyo asisahau.

Nikaikumbuka ile insha ya pili. Niliibeba kichwani miezi yote ile bila kujua. Seremala ameagizwa jeneza lenye umbo la samaki kwa ajili ya mzee mvuvi. Ameahidi kulileta Ijumaa jioni. Amelileta Jumapili asubuhi, mzee ameshazikwa Jumamosi ndani ya jeneza la kawaida, na seremala anadai malipo yake yote, kwani jeneza lile hakuna mwingine atakayelitaka. Washauri wafiwa. Ndivyo swali lilivyosema: washauri wafiwa. Mimi siku ile niliwashauri mistari mitatu.

Nilirudi mezani, nikafunga mlango, nikachukua karatasi za nyuma ya fomu zilizoharibika, nikaanza kuandika. Niliwashauri wafiwa. Kisha nikamshauri na seremala, ambaye hakuna aliyeniuliza habari zake, kwa sababu nilikumbuka kwamba katika swali mtoto wa marehemu alimpigia simu Alhamisi akabadilisha rangi ya mapezi, na hapo kuna jambo la kubishania. Niliandika kurasa saba. Nilipoinua kichwa chai ilikuwa imepoa, maandazi hayajaliwa, dakika arobaini zimekwenda, na katika dakika hizo sikuwa nimekasirika. Sikuwa nimemfikiria Worlanyo wala mama yake wala ngoma ya kanisa. Nilikuwa nawafikiria wafiwa na yule seremala mpumbavu.

Ndipo hasira ikarudi, lakini sasa ilikuwa juu yangu mwenyewe. Kumbe nilikuwa nimewapa watu wale kitu changu. Nilidhani nikiacha sheria nitamwadhibu Worlanyo. Yeye alikuwa anaondoka kila alfajiri na mkoba wake, hana adhabu yoyote. Aliyefungwa nilikuwa mimi, na kifungo nilijiandikia kwa mkono wangu.

Nikampelekea Bi Akpene kurasa saba. Alisoma zote, polepole, akalamba kidole akageuza. Mwishoni akasema, "Hapa katikati umewahurumia wafiwa kupita kiasi. Fomu zinafungwa Ijumaa."

Jioni ile nilimwambia Worlanyo. Mama yake alikuwepo, anamenya viazi.

"Nimejiandikisha mtihani. Na wiki ya mtihani silali hapa. Nakwenda kukaa kwa Bi Akpene siku tano."

Uso wa Worlanyo ukachanua. Akaweka kalamu chini. "Afadhali! Nimefurahi, Dzigbordi. Naapa nimefurahi. Lakini wiki ipi?" Nikamtajia. Akafungua ratiba yake. "Ah. Wiki hiyo nami nina mitihani ya mwisho wa mwaka. Jumanne na Alhamisi."

"Pole."

"Watoto je?"

"Watoto wana baba. Mtoto akilia utamsikia. Masikio yako nayajua, ni mazima."

Alipauka. Mama mkwe akaacha kisu. "Mimi wiki hiyo nipo Ho, nina mazishi ya binamu! Mke anaondokaje nyumbani siku tano?"

"Kwa miguu, mama. Hadi kituoni."

"Worlanyo! Unamsikia huyu?"

"Namsikia, mama," Worlanyo akasema. Kisha, bila kuinua macho: "Aende."

Nilikwenda. Kwa Bi Akpene nilipewa chumba chenye cherehani na picha ya mume wake marehemu, nikasoma mpaka mistari ikacheza. Worlanyo alipiga simu mara sita siku ya pili. Sikupokea. Nakiri kwamba mara ya sita nilishika simu mkononi ikitetemeka, nikawaza homa, nikawaza kliniki. Bi Akpene aliinyakua akapokea mwenyewe ukumbini. Nikamsikia anasema, "Jino? Jino limeng'oka? Si umpe maji ya chumvi! Wewe si baba?" Akarudi. "Sedinam ana pengo. Endelea."

Siku ya mtihani nilifika saa mbili kasoro robo. Nilikaa nje ya mlango ule uliokaribia kunifungia mwaka jana, nikamtazama mlinzi, na yeye wala hakunikumbuka. Insha zote mbili nilizimaliza. Niliandika kwa nguvu mpaka karatasi ya chini ikapokea alama.

Matokeo yalipotoka niliitafuta namba yangu kwanza. Ilikuwepo, ukurasa wa pili, kama vile imekuwa hapo siku zote. Sikupiga kigelegele. Nilikwenda chooni nikafunga mlango, nikasimama tu huko mpaka mtu akagonga.

Worlanyo alianguka somo moja katika mitihani yake, ile ya Alhamisi, akalazimika kulirudia. Usiku wa kuamkia siku ile Kekeli alikuwa amekohoa mpaka kunapambazuka, naye alikaa naye. Hakulalamika. Mtaani walisema mke amemroga, na mama yake hajaacha kulisema hadi leo. Je, nilifurahi alipoanguka? Ningependa kusema hapana. Nilifurahi kidogo, siku mbili hivi, kisha nikamhurumia, kisha nikakasirika kwamba namhurumia.

Jioni ya matokeo yangu alinikuta jikoni. Alisimama mlangoni na taulo begani.

"Hongera, Dzigbordi," akasema. "Umefaulu peke yako. Nitawaambia wote hivyo." Kisha akauliza: "Umenisamehe?"

Nilikuwa nakata vitunguu. Nilimpa jibu nililokuwa nalo. "Sijui. Siku nyingine naona nimekusamehe, halafu Kekeli anakohoa usiku nakuona umefumba macho."

Akaitikia kwa kichwa. Sedinam akapiga kelele kutoka bafuni kwamba sabuni imeingia machoni, na kabla sijaweka kisu chini baba yake alikuwa ameshageuka, anakimbia, ndala moja imebaki mlangoni.